Mazingira ya Biashara Ni Magumu kwa Nani? Maoni ya Mtu wa Bunda

Semista ndiyo inakatika, bumu limeshakuwa hadithi, na hapa hosteli watu wanaishi kwa wali maharage na mijadala. Mjadala wa wiki hii ulianzia kwenye semina ya uchumi. Swali lilikuwa moja tu: kama kweli mazingira ya biashara ya Tanzania ni magumu kama wanavyosema, makampuni kama Mohammed Enterprises na Bakhresa yamekuaje makubwa namna ile?

Darasa likagawanyika kama Simba na Yanga. Upande mmoja wakasema mazingira siyo tatizo, tatizo ni uvivu wetu; mzee Bakhresa aliacha shule akiwa na miaka 14 na leo unga wa Azam uko kila duka, kwa hiyo jiajirini muache kulia. Upande wa pili wakajibu kwamba matajiri hawa walinunua viwanda vya umma kwa bei ya karanga, na ukipewa kiwanda hata wewe utakuwa bilionea. Muda ukaisha, watu wakaendelea kubishana mpaka kantini.

Mimi nadhani pande zote mbili zimeshika mkia zikadhani zimeshika ng'ombe. Langu ni hili: ugumu wa kufanya biashara Tanzania haumwangukii kila mtu kwa uzito mmoja. Kwa kampuni kubwa ni gharama, inalipwa, maisha yanaendelea. Kwa kijana wa Bunda mwenye milioni tatu ni ukuta. Na ukuta huo huo unaomzuia yule kijana ndio unaomhakikishia mkubwa kwamba hatapata mshindani mpya leo wala kesho. Kwa hiyo kuona kampuni moja kubwa imestawi hakuthibitishi kwamba mazingira ni mazuri. Inawezekana kabisa likawa kubwa na likabaki peke yake kwa sababu mazingira ni mabaya.

Nitaeleza kwa mifano ya kwetu Mara, maana ndiko ninakokujua. Na pia kwa sababu ukitaka kuelewa biashara ya nchi hii imetoka wapi, Bunda, Butiama na Musoma zinatosha kabisa. Huna haja ya kufika Kariakoo.

Tuanzie Bunda, na tuanzie kwa wakulima wa pamba. Vijana wengi wa sasa wanadhani Mwafrika wa kawaida hajawahi kumiliki biashara kubwa kanda ya ziwa. Si kweli. Miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba walikuwa wanalia na mizani: unapeleka pamba kwa mnunuzi, mzani wake, kalamu yake, na bei anaitaja yeye. Wakaanza kujipanga. Aliyewaongoza alikuwa kijana anaitwa Paul Bomani, mzaliwa wa huku huku kwetu Mara. Mwaka 1955 vikazaliwa Victoria Federation of Co-operative Unions, muungano wa vyama vya wakulima kutoka kila kona ya kanda ya ziwa. Ulinunua pamba ya wanachama wake, ukamiliki vinu vya kuchambulia, ukauza marobota. Wakati nchi inapata uhuru mwaka 1961, muungano ule ulikuwa unatajwa kati ya vyama vya ushirika vikubwa kabisa Afrika.

Ukiniuliza mimi, hilo ndilo lilikuwa kundi kubwa la kwanza la biashara lenye mizizi kwetu. Mwenye hisa alikuwa baba mwenye ekari tatu za pamba na jembe la ng'ombe.

Sasa twende Butiama. Mwalimu Nyerere alizaliwa pale mwaka 1922 na pale ndipo alipozikwa Oktoba 1999. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Mabenki yakataifishwa, vinu vikubwa vya nafaka vikataifishwa, na nyumba kubwa za biashara nazo. Serikali ikawa ndiyo mfanyabiashara mkubwa kuliko wote. Unga na mchele ukawa wa NMC. Nguo zikawa za TEXCO, shirika lililosimamia viwanda vya nguo vya umma karibu nchi nzima. Musoma nayo ikapata kiwanda chake, MUTEX. Hesabu yake ilikuwa nzuri sana kimantiki: pamba inatoka Bunda, inafumwa Musoma, mtu wa Butiama anavaa. Mpaka leo sioni kosa kwenye wazo lenyewe.

Ila kuna jambo moja wanaolisifia Azimio hulipitia haraka haraka. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika. Nyanza, uliokuwa mrithi wa ule muungano wa akina Bomani, ukaenda na maji. Kazi ya kununua mazao wakapewa mamlaka za serikali. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha vyama, lakini vilirudi vikiwa vya aina nyingine: vina madeni, vinategemea serikali, na mkulima havioni tena kama mali yake. Naomba mlishike hilo kichwani, nitalirudia.

Baada ya hapo mnajua wenyewe. Miaka ya 1980 uchumi ukakwama, viwanda vikakosa vipuri na fedha za kigeni, foleni za sabuni na sukari kila mahali. Mzee Mwinyi akaingia mwaka 1985, mambo yakaanza kulegezwa. Mwaka 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Mashirika ya umma yakaanza kuuzwa moja baada ya jingine, na chini ya mzee Mkapa, 1995 mpaka 2005, kazi hiyo ikapamba moto.

Hapa ndipo wanapoingia wakubwa wa leo. Mohammed Enterprises ilianza miaka ya 1970 kama biashara ya kununua na kuuza bidhaa, mwasisi wake akiwa mzee Gulamabbas Dewji wa Singida. Mwanae Mohammed, huyu mnayemwita Mo, alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Georgetown kule Washington, akarudi mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuingia kwenye kampuni ya familia. Walichofanya kinaeleweka kwa mtu yeyote: wakatoka kwenye kununua na kuuza, wakaingia kwenye kutengeneza, na njia ya mkato ilikuwa kununua viwanda vya umma vilivyokuwa vimelala. Viwanda vya nguo vya Morogoro na Tanga, mashamba ya mkonge, mafuta ya kula, sabuni, unga, vinywaji. Na kwenye orodha ya viwanda vya nguo vya kundi hilo, kimo pia cha kwetu Musoma. Ndiyo, MUTEX ile ile ya enzi za TEXCO.

Bakhresa njia yake inafanana. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1949, akaacha shule mapema, akaanza na mgahawa mdogo Dar es Salaam miaka ya 1970. Kutoka hapo akaingia kwenye unga, akapata na mashine zilizokuwa za NMC, na leo ana juisi, boti za kwenda Zanzibar, timu ya mpira na televisheni.

Sasa turudi kwenye ubishi wa darasani. Walikuwa wajanja au walipendelewa? Jamani, tuulize swali rahisi zaidi: siku serikali inauza viwanda, nani nchini alikuwa na fedha taslimu? Mkulima wa Bunda hakuwa nazo. Chama chake kilichokuwa na vinu na akiba kilishafutwa mwaka 1976 na kurudishwa kikiwa mgonjwa. Mtumishi wa serikali mshahara wake ulikuwa umeliwa na mfumuko wa bei. Mwenye fedha alikuwa yule ambaye miaka yote ile ya shida aliendelea kununua na kuuza, tena biashara inayozungusha pesa haraka. Kwa hiyo soko la viwanda lilipofunguliwa, walioweza kuingia walikuwa wachache, na hao wachache hawakutokea kwa bahati nasibu wala kwa akili tupu. Uwanja ulikuwa umeshafyekwa kabla yao.

Lakini upande wa pili nao nawapinga. Kununua kiwanda kwa bei rahisi hakukupi kiwanda kinachofanya kazi. Wapo wengi walionunua viwanda vya umma wakang'oa mashine wakauza vyuma chakavu, au wakageuza majengo kuwa maghala. Serikali ya awamu ya tano ilipoanza kuvikagua ilivikuta vingi vimekufa, na baadhi ikavirudisha mikononi mwake. Waliovifufua wakaajiri maelfu ya watu wanastahili sifa zao, na mimi nawapa. Sabuni na mafuta ya kula vinavyofika duka la kijijini kwa bei anayoiweza mama ntilie ni jambo kubwa kwa aliyewahi kusimuliwa na wazazi wake habari za foleni.

Sasa kaa nami kidogo tuangalie huu ukuta ninaousema.

Benki ya Dunia ilikuwa na orodha yake ya kupima urahisi wa kufanya biashara. Ripoti ya 2020 iliiweka Tanzania nafasi ya 141 kati ya nchi 190. Orodha yenyewe ilifutwa mwaka 2021 baada ya kubainika takwimu za baadhi ya nchi zilichezewa, kwa hiyo sitaitegemea sana. Ila hata serikali yenyewe ilikiri tatizo. Mwaka 2018 ilipitisha mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, ukaanza kutekelezwa Julai 2019, na tozo nyingi zikafutwa au kupunguzwa. Ushuru wa mazao ya biashara ulishapunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3, na hilo mkulima wa pamba wa Bunda analiona. Siwezi kusema hakuna kilichofanyika, nitakuwa mwongo.

Tatizo ni kwamba hata baada ya kupunguza, mfumo bado umepimwa kwa kipimo cha mkubwa. Chukua hesabu hii ya darasa la saba. Tuseme vibali vyote na usajili vinakugharimu shilingi 600,000. Mwenye mtaji wa milioni 3 ameshapoteza asilimia 20 kabla hajauza hata kilo moja. Mwenye mtaji wa bilioni 3, hata ukimtoza mara kumi, milioni 6, ni asilimia 0.2 tu. Ni sheria hiyo hiyo, na maofisa ni wale wale. Halafu weka na muda. Mkubwa ana mhasibu, mwanasheria na kijana wa kufuatilia mafaili. Kibali kikichelewa miezi minne, biashara zake nyingine zinaendelea kuingiza. Mdogo hana biashara nyingine. Miezi minne analipa kodi ya chumba kitupu.

Na hili sisemi kwa nadharia. Wenzetu watatu wa kutoka nyumbani, wamemaliza chuo juzi juzi, walichangishana kwenye familia wakapata kama milioni 3. Wazo lao lilikuwa zuri: wanunue dagaa wa Musoma, wawasafishe, wawakaange, wawapakie vizuri na kuwauza kwenye maduka ya mijini. Sitataja ofisi hata moja, lakini mzunguko wao ulikuwa hivi: hapa wanaambiwa huwezi kupata karatasi hii mpaka uwe na jengo lililokaguliwa, kule wanaambiwa jengo halikaguliwi mpaka uwe na karatasi. Jengo lenye vigae na maji ya bomba ndani unalikodi kwa mkupuo wa miezi sita. Mwezi wa tano mtaji ukawa umeliwa na kodi ya pango na nauli za Bunda na Musoma, nenda rudi. Dagaa hawajakaangwa. Leo mmoja ni bodaboda, mmoja amerudi shamba, wa tatu anafundisha kwa kujitolea.

Haki itendeke, ipo mipango ya kuwasaidia wadogo. Kupitia SIDO mjasiriamali mdogo anaweza kusaidiwa kupata nembo ya ubora. Halmashauri nazo zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na fedha zisizorudi, ikaanza tena mwaka 2024. Ni msaada, lakini nadhani mmeona tatizo. Ukimpa kijana mkopo halafu ukamrudisha kwenye ukuta ule ule, ni kama umempa nauli ya kwenda kugonga kichwa. Akienda benki za biashara anakutana na riba inayozunguka asilimia 15, na dhamana ya nyumba ambayo hana.

Umeme nao. Kwa miaka na miaka mgao ulikuwa sehemu ya maisha, mara ya mwisho kwa ukali ilikuwa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024. Mkubwa anawasha jenereta. Fundi wa kuchomelea pale Bunda anakaa barazani anacheza bao mpaka urudi. Bwawa lenye jina la mtoto wa Butiama, Julius Nyerere kule Rufiji, lilianza kuzalisha Februari 2024, na uwezo wake ni megawati 2,115. Hili nalipongeza kwa mikono miwili, kwa sababu umeme wa uhakika ni kati ya mambo machache yanayomsaidia mdogo kuliko mkubwa. Mkubwa alishanunua jenereta zamani.

Angalia pia walivyo wafanyabiashara wa katikati. Mei 2023 Kariakoo waligoma wakilalamikia makusanyo ya kodi na kero nyingine. Juni 2024 wakagoma tena, safari hii na miji mingine ikafuata, Mwanza ikiwemo. Wale siyo machinga. Wale ndio daraja la kati, watu ambao kesho wangekuwa wenye viwanda. Machinga wenyewe walipewa vitambulisho Desemba 2018 kwa shilingi 20,000, na kwa muda wakapumua. Lakini kitambulisho kile kilikuwa cha mtu anayeuza chini ya milioni 4 kwa mwaka. Ukivuka hapo unaingia dunia nyingine kabisa ya leseni na makadirio ya kodi. Wengi wanachagua kubaki wadogo makusudi! Yaani tumejenga ngazi yenye kidato cha kwanza na cha mwisho, katikati hamna kitu.

Mtu atasema: mbona hata wakubwa wanateseka? Ni kweli, na sipendi kuwasahau. Oktoba 2018 Mo mwenyewe alitekwa Dar es Salaam na kupatikana baada ya siku tisa hivi, nchi nzima ikashika roho. Walipakodi wakubwa ndio wanaobeba sehemu kubwa ya makusanyo, na ofisi zikikosa lengo huwageukia wao kwanza. Mwaka 2021 Rais Samia mwenyewe alilazimika kuwaambia wakusanya kodi waache mabavu. Kwa hiyo hofu wanayo. Ila wana na namba ya simu ya kupiga. Wenzetu wa dagaa hawakuwa na namba.

Sasa tuje kwenye pamba, maana hapa ndipo inaponiuma zaidi. Kilo tatu za pamba mbegu zinatoa kama kilo moja ya pamba nyuzi. Sehemu kubwa ya nyuzi hizo inapakiwa marobota na kuuzwa nje kabla haijawa uzi wala nguo. Halafu sokoni Bunda unakuta mama kashika kitenge kilichotoka Asia, na pembeni yake lundo la mitumba. Nchi za Afrika Mashariki mwaka 2016 zilikubaliana kuondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya soko la AGOA. Kenya ikarudi nyuma, Tanzania na Uganda zikalegeza, Rwanda ikashikilia msimamo na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya nguo. Sisemi mitumba ipigwe marufuku kesho asubuhi, mimi mwenyewe nguo nilizovaa sasa hivi ni za mnadani. Nasema tu kwamba kiwanda cha nguo kama cha Musoma kinashindana na dunia nzima, na mwenye uwezo wa kustahimili mashindano hayo hadi sasa ni kundi kubwa lenye biashara nyingine za kufidia hasara. Ndiyo maana sitaki tuimbe tu "warudishe viwanda". Kirudi kwa nani? Serikali iliyoshindwa kukiendesha? Au ushirika ambao hauna akiba?

Nikikaa nikitafakari huwa nakumbuka Wakorea. Mwaka 1938 bwana mmoja anaitwa Lee Byung-chul alifungua biashara ndogo mji wa Daegu, anauza samaki wakavu, mboga na tambi. Samaki wakavu, wadau! Yaani biashara ya mwaloni Musoma kabisa. Biashara hiyo ndiyo Samsung. Haikufika hapo kwa jasho tupu. Kuanzia miaka ya 1960 serikali ya Park Chung-hee ilizibana benki zitoe mikopo nafuu kwa makampuni makubwa, ila kwa sharti: uzalishe na uuze nje. Anayeshindwa anakatiwa. Nao walilipa gharama yake, maana makampuni yale yalipanuka kwa madeni mpaka Daewoo ikaanguka mwaka 1999 na kutikisa nchi. Lakini tofauti na sisi iko pale kwenye sharti. Sisi tuliuza viwanda, sharti tukaliweka kwenye kabati. Mwananchi wa Musoma hajui kiwanda cha mjini kwake kiliuzwa kwa ahadi ya kuajiri wangapi wala kununua pamba kiasi gani. Akilalamika, analalamika hewani.

Kwa hiyo mimi ningependekeza mambo matatu, na nyie mtanikosoa.

Kwanza, ada na vibali vipimwe kwa mtaji, na mdogo aanze kazi kwanza alipe baadaye. Mwache akaange dagaa mwaka mmoja chini ya uangalizi wa afisa afya, akisimama ndipo alete zilizobaki. Asiposimama, serikali haijapoteza kitu, maana kwa mtindo wa sasa pia haipati kitu.

Pili, mikataba ya viwanda vilivyobinafsishwa iwekwe wazi, angalau masharti yake. Mwenye kiwanda akiongeza pamba anayonunua Bunda na Butiama, apewe nafuu ya kodi na umeme kwa kiwango hicho hicho. Asipoongeza, asipewe. Kampuni kubwa haina sababu ya kuogopa hili kama inafanya kazi.

Tatu, na hili ndilo nililowaambia mlishike: mkulima arudishwe kwenye umiliki. Tangu 2018 pamba inanunuliwa kupitia AMCOS, vyama vya msingi vya wakulima. Sasa hivi kazi yao kubwa ni kupima na kuandika. Kwa nini chama kisiwe na hisa kwenye kinu kinachochambua pamba yake? Kata kidogo kwa kila kilo, kwa miaka, nunua hisa. Wakulima wa 1955 hawakuwa na digrii hata moja kati yao, na waliweza. Waliozimaliza juhudi zao hawakuwa makabaila kutoka nje. Tuliwamaliza wenyewe, kwa amri, kwa nia njema.

Najua kuna jamaa watasema mimi ni mpinga maendeleo, au mjamaa wa kuchelewa kwa sababu natoka jirani na Butiama. Hapana. Ningependa Mara iwe na matajiri kumi kama Mo. Shida yangu ni kwamba kwa ukuta uliopo hawawezi kutokea kumi, atatokea mmoja, tena mwenye fedha za kuanzia kutoka nyumbani. Mwalimu aliogopa nchi kumilikiwa na wachache, akaipa serikali kila kitu. Waliofuata waliogopa serikali kumiliki kila kitu, wakaviuza kwa waliokuwa na fedha. Katikati ya hofu hizo mbili, yule mkulima mwenye mzani wake mwenyewe hakuna aliyemuuliza.

Mwezi wa saba wengi wetu tunamaliza. Kwenye mahafali atasimama mgeni rasmi atuambie tujiajiri, ndivyo huwa. Tutapiga makofi kama kawaida. Ila naomba safari hii mmoja wetu amuulize kwa adabu kabisa: mheshimiwa, kwa mtaji wa milioni 3, wilayani kwako, ni siku ngapi na ofisi ngapi mpaka mtu auze pakiti ya kwanza ya dagaa? Kama anajua jibu, tumsikilize. Kama hajui, basi aanze kwa kwenda kulitafuta.

Kwa leo niishie hapo, kuna mtihani Jumatatu na sijagusa kitabu. Watu wa Musoma, Bunda na Butiama, nawasalimu sana. Mura, tuko pamoja.